Zimwi Mafukuto na Vibuyu vya Kikohozi

Paukwa!

Pakawa!

Nani ana sikio?

Mimi, bibi!

Basi lilete hapa karibu, na mikono iendelee kuchambua maharage. Mdomo pumzisheni. Shija, nimesema mdomo pumzisheni.

Hapo kale, mbali kabisa na bahari, palikuwa na kijiji chini ya kilima. Ardhi yake ilikuwa ngumu kama kisigino cha babu yenu. Ukipanda mtama, unavuna majani. Ukipanda maharage, unavuna mashimo ya fuko. Kitu walichojaliwa ni kimoja tu: chemchemi ya maji ya chumvi, kule juu kilimani. Lakini uyachemshe hayo maji kutwa nzima kwa chungu, jioni unapata chumvi ya kujaza kiganja. Watu walikuwa na njaa, wamekonda.

Siku moja akaja zimwi.

Kichwa chake kama ghala, tumbo lake kama tanuru, na ndani ya tumbo unawaka moto usiozimika. Jina lake Mafukuto. Watu wakakimbia, kuku wakakimbia, hata mbuzi mwenye mimba akakimbia. Mafukuto hakumfukuza mtu. Alipanda kilimani, akaketi kando ya chemchemi, akainama, akanywa maji gudu, gudu, gudu. Akang'oa mti mkavu, akautafuna. Moto tumboni ukavuma vuuu! Jasho likamtoka, likamkaukia mgongoni, mgongo ukawa mweupe pepepe.

"Mnachungulia nini?" akanguruma. "Njooni mnikwangue mgongo, nawashwa!"

Aliyethubutu ni kijana mmoja, Kagoma. Akaokota kigae cha chungu kilichovunjika, akapanda, akakwangua kidogo, akaonja.

"Jamani!" akaita. "Ni chumvi!"

Basi wakapatana. Wao watamletea kuni. Wao watamkwangua mgongo kila asubuhi. Na chumvi yote itakuwa yao.

Ndugu zangu, kijiji kikanenepa! Wachuuzi wakaja kutoka huko kusikojulikana, na majembe, na mablanketi, na mbuzi. Mtu aliyekuwa akilalia majani akalalia kitanda. Harusi zilizochinjiwa kuku zikachinjiwa ng'ombe. Na Kagoma, kwa ile kuthubutu kwake, akafanywa jumbe, mkuu wa kijiji.

Lakini.

Mafukuto akishakula kuni hupiga mbweu. Na mbweu yake ilikuwa moshi mweusi. Moshi ukishuka kilimani, unakuja unaketi juu ya kijiji kama kuku anayeatamia mayai. Halafu zimwi hutema mate, maji machungu ya kijani, yanateleza mpaka kwenye kijito. Kambare wakaelea, matumbo juu.

Wanawake wakianua nguo wanaikuta nyeusi. "Mbona hivi?" anauliza huyu. "Ni vumbi tu," anajibu yule.

Watoto wakiamka macho yamevimba. "Mbona hivi?" "Ni vumbi tu."

Mzee akikohoa mpaka anashika ukuta. "Mbona hivi?" "Ni vumbi tu."

Na Jumbe Kagoma akaweka mila. Alisema, "Mtu asikohoe hadharani. Mafukuto akisikia ataona tunamsema. Ataudhika, atahama. Akihama tutakula nini?"

Kwa hiyo kila nyumba ikawa na kibuyu cha kikohozi. Kikohozi kikikushika, unakimbilia kibuyu, unatia mdomo, unakohoa humo ndani, unaziba upesi kwa gunzi la mahindi. Kimya! Kibuyu kikijaa kinatundikwa ukutani, unachukua kingine. Watoto walifundishwa kibuyu kabla ya kufundishwa kunawa. Na mama akienda kuchumbia mwanawe mke, huku anasifu uji, jicho liko ukutani anahesabu vibuyu.

Msicheke. Watu wanaofanya mambo hayo hawajioni kuwa wanachekesha.

Sasa katika kijiji hicho alikuwapo mama mmoja, Nyanzobe, mjane. Kazi yake kumkwangua zimwi. Tena hakuna aliyemshinda, maana yeye ndiye aliyejua kufika pale katikati ya mabega, panapowasha kuliko pote. Na alikuwa na binti mmoja tu, Toyi, wa miaka saba, mwembamba, mwenye maswali mengi.

Toyi alikuwa na kifua. Akilala, kifua kinaimba firi, firi, kama mlango usiotiwa mafuta. Nyanzobe alizoea kulala akisikiliza mlango huo.

Siku moja, asubuhi, Toyi alikimbilia kibuyu. Akakohoa. Akakohoa tena. Akakohoa mara ya tatu, na kibuyu kikapasuka vipande viwili mikononi mwake. Mtoto akaanguka, midomo imegeuka rangi ya majivu.

"Mama," akasema, "hewa imekwenda wapi?"

Nyanzobe alimpepea, akamkalisha, akampa maji ya vuguvugu, mpaka pumzi ikarudi. Halafu hakuchukua kigae. Alimfunga mtoto mgongoni, akapanda kilimani mikono mitupu.

"Mafukuto," akasema, "moshi wako unaniulia mwanangu."

Wakwanguaji wote wakasimama, na Jumbe Kagoma aliyekuwa akisimamia kazi naye akageuka. Vigae hewani.

Zimwi akageuza shingo, grrr, kama jiwe la kusagia. "Moshi gani? Miaka saba nipo hapa sijasikia mtu hata mmoja akikohoa. Eti Jumbe, watu wako wanaumwa?"

"Wanaumwa wapi, bwana mkubwa!" Jumbe Kagoma akacheka, macho yanamtoka machozi. "Ni vumbi tu."

"Basi mnanitafutia sababu," zimwi akasema. "Nikihama mtakula nini?"

 Jumbe akamshika Nyanzobe mkono, akamteremsha njiani.

"Mama Toyi, una wazimu? Unataka turudi kula mizizi?"

"Nataka mtoto apumue, Jumbe."

"Apumue taratibu basi! Kwani lazima apumue kwa nguvu?"

Nyanzobe akateremka zake. Lakini lile neno la zimwi lilimganda kichwani. Hajasikia mtu akikohoa. Miaka saba!

Basi akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Nyumba ya kwanza akasema, "Shoga, niazime vibuyu vyako."

"Vibuyu gani? Sisi hatukohoi. Hivyo viwili ni vya jirani."

Nyumba ya pili: "Sisi? Labda hao wa kule. Hivi vinne tumewekewa tu."

Nyumba ya tatu alikaa bibi mmoja aliyeitwa Mpoza, mkwanguaji mwenzake, mkali kama pilipili kichaa. Akamtazama Toyi mgongoni, akatazama ukuta wake. Akaangua kibuyu kimoja kikuukuu, akakipangusa kwa kanga yake.

"Hiki ni cha mume wangu," akasema. "Kikohozi chake cha mwisho. Nimekaa nacho miaka mitatu nikijiambia ni vumbi. Chukua. Tena ngoja, nakuja mwenyewe, na hao waongo wa nyumba ya kwanza nawaleta."

Kesho yake asubuhi wanawake walipanda kilimani, vibuyu vichwani, kiunoni, mikononi. Jumbe alisimama njiani akatandaza mikono. Bibi Mpoza akampita chini ya kwapa kama hamwoni.

Wakavipanga mbele ya Mafukuto. Nyanzobe akasema, "Ng'oeni."

Wakang'oa magunzi.

Watoto wangu! Kikohozi cha miaka saba kilitoka kwa pamoja. Kikohozi cha wazee, khoo, khoo! Kikohozi cha wanaume waliotoka kukata kuni. Kikohozi kidogo cha vichanga, kama paka anayepiga chafya. Kilima kikatetemeka, kunguru wakaruka. Na katikati ya kelele hiyo Bibi Mpoza akainua kidole.

"Nyamazeni. Mnasikia hicho kinachokata mara mbili halafu kinavuta? Huyo ndiye mume wangu. Huyo huyo."

Mama mwingine akasema, "Na huyu ni pacha wangu, aliyekwenda." Akakaa chini.

Mafukuto alikuwa ameziba masikio. Vilipokwisha kunyamaza akauliza, sauti imeshuka, "Hivi vyote ni vyangu mimi?"

"Vyako," akasema Nyanzobe.

"Kwa nini hamkuniambia?"

Kila mtu akamtazama Jumbe. Jumbe akatazama kidole chake cha mguu.

Zimwi akafikiri. Akasema, "Basi ni rahisi. Nitageuka." Akajiinua, dunia ikatikisika, akaketi upya, uso umeelekea upande wa pili wa kilima. Akapiga mbweu. Moshi ukaondoka, ukaenda kule, kule, kule!

Kijiji kikapiga vigelegele. Anga ikaonekana ya buluu, watoto wadogo wakaiogopa, hawakuwahi kuiona. Toyi akaanza kuketi nje. Siku tisa wakafurahi.

Siku ya kumi, akaja mwanamke mgeni, vumbi mpaka magotini, mjukuu mgongoni. Aliitwa Kabula, wa kijiji cha Ng'ambo, upande wa pili wa kilima. Mjukuu wake alikuwa akikohoa.

"Hodi hapa," akasema. "Samahani ndugu zangu. Kwetu limeshuka wingu jeusi, siku ya kumi leo. Watoto hawalali. Nimefuata wingu nijue linatoka wapi, nimefika kwenu. Hamjui ni nini?"

Jumbe Kagoma akajibu upesi, "Ni vumbi tu, dada. Litapita."

Wengine wakaitikia, chini chini, "Ni vumbi tu."

Kabula akamgeukia Nyanzobe, kwa kuwa naye alikuwa na mtoto pajani. "Nawe mama, unasemaje?"

Sasa fikirini. Siku tisa Toyi amepumua. Kifua kile kilikuwa kimeanza kulegea. Nyanzobe akisema kweli, moshi unarudi kwa mwanawe. Asiposema, basi. Mgeni ataondoka, na hakuna atakayejua.

Alimtazama yule mtoto mgeni. Midomo yake ilikuwa rangi ya majivu.

"Si vumbi, dada," akasema. "Ni moshi wetu. Tumekusukumieni."

Bibi Mpoza akasema, "Eee, umetumaliza." Halafu akasema, "Lakini kweli."

Basi Nyanzobe na Kabula wakapanda kilimani pamoja, na kijiji kizima nyuma yao, wengine wakimlaani, wengine wakilia. Ilikuwa saa mbili asubuhi, mgongo wa zimwi umeshaanza kuwa mweupe, hajakwanguliwa bado.

Mafukuto aliposikia, alikasirika mpaka moto ukamtoka puani.

"Nielekee huku mnalia! Nielekee kule mnalia! Nimechoka nanyi. Nahama! Nikihama mtakula nini?"

Jumbe Kagoma akaanguka kifudifudi. "Usituache, bwana mkubwa! Huyu mwanamke tutamfukuza yeye!"

"Mfukuzeni," wakasema watu. "Mfukuzeni na mwanawe."

Wakaanza kumzunguka. Nyanzobe alimshika Toyi kifuani, akarudi nyuma mpaka akaugusa mgongo wa zimwi. Ulikuwa wa moto, umekauka, una nyufa. Miaka saba alikuwa ameukwangua, anaujua kuliko uso wake. Na hapo, kwa kuugusa tu, akaona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yao siku zote.

"Mwacheni ahame," akasema. "Mafukuto, nenda. Nenda salama. Ila nikuulize: huko uendako nani atakukwangua?"

"Watu wapo kila mahali," zimwi akasema.

"Wapo. Watakukimbia kwanza, kama tulivyokukimbia sisi. Mpaka wakuzoee, utakuwaje? Jaribu kujikuna."

Mafukuto akapeleka mkono wa kulia nyuma. Haukufika. Akapeleka wa kushoto. Haukufika. Akajisugua kwenye mwamba, mwamba ukavunjika, pale katikati ya mabega pakabaki vile vile.

Bibi Mpoza akaelewa. Akatupa kigae chake chini, ta! Na mkwanguaji wa pili naye akatupa, ta! Na wa tatu, ta! Vigae vyote vikawa chini. Wanawake wakaketi, wakanyoosha miguu, kama watu waliokuja kuota jua.

Saa nne, zimwi akasema, "Nikwangueni."

Hakuna aliyenyanyuka.

Saa sita jua likawa kali, chumvi ikawa ngumu kama jiwe, zimwi hawezi kuinama. "Nikwangueni, jamani!"

Hakuna aliyenyanyuka. Jumbe tu ndiye aliyekwenda na kigae, akakwangua upande, kigae kikateleza. Alikuwa amesahau kazi. "Aa, wewe unanitekenya!" zimwi akafoka. "Toka!"

Saa nane Mafukuto akalia. Machozi yake yalifuka mvuke. "Nikwangueni, nawaomba! Mnataka nini? Semeni! Mnadhani ule moshi mimi naupenda? Unanichoma koo kabla haujawachoma ninyi! Ni hizo kuni zenu!"

"Kuni zetu zina nini?" akauliza Nyanzobe.

"Mbichi! Siku ya kwanza nilikula mti mkavu, mliona moshi? Tangu hapo mnaniletea mbichi, zinatoka maji, na majani juu yake. Nimekula kwa sababu mmenipa. Nilidhani ndivyo watu wanavyokula."

Hapo wanaume wakaanza kutazamana. Maana Jumbe alikuwa amesema, mwenye kufika wa kwanza na mzigo wake ndiye anayechota chumvi ya kwanza, ile nyeupe. Basi kila mtu alikuwa akikata mti wa karibu, mbichi hivyo hivyo, anakimbia nao.

Kabula akawauliza wanawake, "Na ninyi jikoni kwenu mnapikia kuni mbichi?"

"Sisi?" wakasema, wameona haya. "Thubutu! Nani apikie mbichi, apofuke macho?"

"Lakini mgeni wenu mmempa."

Wakainamisha vichwa. Hata Bibi Mpoza alikosa la kusema, na hilo halikuwahi kutokea.

Basi wakaketi wote, kijiji, na Kabula kwa niaba ya Ng'ambo, na zimwi, wakapatana upya. Nyanzobe alisimama mgongoni, kigae mkononi. Kila neno moja likikubaliwa, anakwangua mara moja, pale pale panapowasha.

Kuni zitakatwa leo, zitaliwa baada ya jua la miezi mitatu. "Sawa," akasema zimwi. Kwaru! "Aaah."

Maji machungu hayatatemwa kijitoni. Yatachimbiwa shimo, likandikwe udongo wa mfinyanzi. "Sawa." Kwaru! "Aaah, hapo hapo, mama."

Maji ya chemchemi yatatandazwa kwanza juani, kwenye vyungu vipana, yapungue, ili Mafukuto asipate kazi kubwa ya kuyachemsha. Na hewa ikisimama, isipovuma kokote, atapumzika, asile kitu. "Hata mimi nipumzike?" zimwi akauliza, kama haamini. "Hata wewe." Kwaru! Kwaru! Kwaru!

Na Ng'ambo? Kabula akasema kwao kuna udongo mzuri wa kufinyanga. Vyungu vyote watafinyanga wao, nao watapata chumvi sawa na wenzao.

"Chumvi itapungua," Jumbe akanung'unika. "Watu tumezidi, siku za kazi zimepungua. Mablanketi tutanunua na nini?"

"Utajifunika lile ulilo nalo," akasema Bibi Mpoza. "Mbona lina upana."

Kweli chumvi ilipungua, sitawadanganya. Na miezi ile mitatu ya kungoja kuni zikauke ilikuwa mizito. Zimwi alikula kidogo kidogo, matawi makavu ya kuokota, na watu wakala kidogo kidogo. Wapo waliomnunia Nyanzobe kisimani. Mmoja alimwambia, "Mwanao anapumua, wangu wana njaa." Nyanzobe akaketi naye. Alimmegea ugali wake, wakala.

Lakini kuni zikakauka. Siku ya kuni kavu ya kwanza watu wote walitoka nje wakatazama kilimani. Mafukuto akatafuna. Moto ukavuma vuuu! Akapiga mbweu. Kikatoka kimoshi chembamba, cheupe, kama cha mtu anayevuta kiko. Kikapanda juu, kikapotea.

"Hicho tu?" zimwi mwenyewe akashangaa.

Mambo hayakugeuka kwa siku moja. Kijito kilikaa mwaka mzima ndipo watu wakaona mgongo wa kambare. Wazee waliokwisha kuharibika kifua walikohoa mpaka mwisho wao, lakini walikohoa uani, hadharani, na majirani wakawajia kuwapa pole.

Na Toyi? Naam, nawaona mnataka kuuliza Toyi.

Siku moja alfajiri, Nyanzobe aliamka akatega sikio kama kawaida yake. Kimya. Hakuna firi, hakuna mlango. Akatega tena. Kimya. Mara ya tatu, kimya.  Akasema, mwanangu amekufa, nami nimelala.

Akapapasa kitandani, akamkumbatia, akaanza kulia, machozi yakamdondokea mtoto usoni.

"Mama," Toyi akasema kwa uchovu wa usingizi, "mbona unanilowesha?"

Nyanzobe akaweka sikio kifuani pake. Pumzi ilikuwa inaingia, inatoka. Inaingia, inatoka. Ilikuwa haina sauti.

Hadithi yangu imeishia hapo, nimeiketisha kwenye kizingiti. Wa kuibeba aibebe, wa kuiruka aangalie asijikwae.

Nanyi nisikilizeni. Anayekulisha akikuumiza, mwambie. Huenda hajui, na huenda hata yeye anakuhitaji. Na ukipona moshi wako, usimpe jirani.

Haya, leteni hayo maharage. Shija, haya yako ni mawe matupu.